Msiba wa Wachonga Vichezeo wa Seiffen

Katika hadithi ya Kijerumani ya binti mfalme mweupe kama theluji, iliyochapishwa na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812, pana mahali ambapo wasomaji wengi hupapita upesi kwa kuwa wana hamu ya kumwona mwana wa mfalme akifika. Binti amekufa, au adhaniwa amekufa. Vibete saba waliompa hifadhi wamlaza juu ya jeneza, wamzunguka, na kumlilia siku tatu. Kisha yawapasa kumzika, na hapo washindwa. Kazi ya vibete hawa ni kuchimba. Kila siku huingia chini ya mlima kutafuta madini, wala hapana viumbe katika hadithi nzima waujuao udongo kuliko wao. Hata hivyo hawakubali kumtia mpendwa wao katika udongo mweusi. Mahali pa kaburi wampatia sanduku la kioo, waandika jina lake juu yake kwa herufi za dhahabu, waliweka mlimani, na mmoja wao hukaa daima kulilinda.

Jambo hili si dogo. Katika hadithi nyingi za ulimwengu aliyefiwa hulia, au hulipiza kisasi, au humfuata aliyekufa. Kibete huwa na kitu mkononi. Tangu masimulizi ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya, ambamo vibete wafua nyundo ya mungu wa radi, kiumbe huyu hatenganishwi na ufundi. (Neno kibete latumika katika insha hii kwa maana ya kiumbe wa hadithi tu, halina uhusiano na watu wenye kimo kifupi, ambao wamekwisha kuchoshwa na mizaha ya namna hiyo.) Mwaka 1937 J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipotoa kitabu chake The Hobbit, alimwongezea kibete huyo kazi nyingine iliyowapendeza watoto: kutengeneza vichezeo. Mkuu wa vibete katika kitabu hicho, akisimulia enzi ya babu yake kabla joka halijawafukuza mlimani, haikumbuki dhahabu peke yake. Akumbuka pia vichezeo vya ajabu, na soko la vichezeo la mji wa jirani lililokuwa fahari ya nchi nzima. Baada ya msiba huo vibete walitawanyika, wakawa wafua chuma wa njiani, na hata wachimba makaa ya mawe, jambo ambalo mkuu huyo alisema kwa uchungu. Kwa hiyo katika kitabu hicho kichezeo ni alama ya siku za neema, na mgodi wa makaa ni alama ya unyonge uliofuata.

Historia ya kweli ilikwenda kinyume. Walikuwapo mafundi wa mlimani waliotengeneza vichezeo, na nchi yao yajulikana. Lakini wao walianza na mgodi, wakaupoteza, na kichezeo kikaja baada ya msiba.

Nchi hiyo ni safu ya milima iliyoko mpakani baina ya jimbo la Saxony, Ujerumani, na nchi ya Ucheki. Wajerumani huiita Erzgebirge, yaani Milima ya Madini. Fedha ilionekana karibu na Freiberg mwaka 1168, na tangu hapo watu walimiminika huko kama nzi kwenye asali. Mwaka 1516 ulianzishwa mji wa Joachimsthal, upande ambao sasa ni Ucheki, na fedha ya bonde lake ikapigwa sarafu nzito iliyoitwa kwa jina la bonde lenyewe, kwa ufupi taler. Neno dola lilitoka hapo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana fungu lake katika habari hii: fedha ya Maria Theresa, ambayo iliendelea kupigwa ikiwa na tarehe ya 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, ilikuwa ya ukoo huo huo wa sarafu, nayo ndiyo iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Unguja katika karne ya 19. Aliyehesabu bei ya pembe kwa fedha hiyo alishika mkononi mjukuu wa mgodi asiopata kuusikia.

Katika mji huo wa Joachimsthal alifanya kazi ya utabibu, kuanzia mwaka 1527, mtu aliyejiita kwa Kilatini Georgius Agricola. Aliwatibu wachimbaji, akashuka migodini, akaandika kila alichokiona. Kitabu chake kikuu juu ya madini kilitoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na kwa muda mrefu hapakuwa na kingine cha kukishinda. Lakini katika kitabu kingine kidogo, kilichotoka mwaka 1549 na kuhusu viumbe wa chini ya ardhi, Agricola aliandika habari za watu wadogo wa mlimani ambao wachimbaji walisema huwaona. Kimo chao ni kama futi mbili na kitu. Wana sura ya uzee. Huvaa kama wachimbaji wavaavyo, na ngozi kiunoni. Waonekana wakichimba, wakijaza vyombo, wakizungusha roda ya kuvutia mizigo, na kumbe hawafanyi lolote. Aghalabu hawana madhara. Wengine, lakini, walishukiwa ubaya: mawe yaliyofanana na ya fedha au ya shaba, ambayo yakitiwa motoni hutoa moshi wa sumu na wala hayatoi kitu cha maana, yalidhaniwa kuwa yamerogwa na mapepo hao. Wataalamu wa karne ya 18 walipoyatambua madini yaliyokuwamo katika mawe hayo, waliyaachia majina ya mapepo, na ndiyo asili ya majina ya kobalti na nikeli.

Ni rahisi kuona kibete huyu ametoka wapi. Njia za migodi ya zamani zilikuwa nyembamba, na aliyepita humo alipita ameinama au akitambaa. Alivaa kofia ya kitambaa iliyochongoka ili kukinga kichwa na maji na changarawe. Alifunga ngozi nyuma ili akae juu ya jiwe lenye unyevu bila kudhurika. Kikohozi kilimzeesha mapema. Mtu wa namna hiyo, akionwa kwa mbali katika nuru ya taa ya mafuta, ni kibete tayari; hakuhitaji hadithi. Wale watu wadogo wafanyao kazi isiyozaa kitu walikuwa kivuli cha mchimbaji mwenyewe, na huenda hofu yake pia, maana hapana hofu kubwa kwa mtu wa kazi kuliko kuchoka bure.

Nacho kivuli hicho kilikaa karibu sana na mauti. Agricola huyo huyo ataja wanawake wa migodi ya milima ya Carpathia walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakichukuliwa na ugonjwa wa mapafu. Katika Erzgebirge ugonjwa huo ulipewa jina la mji wa Schneeberg, na ilikuwa mwaka 1879 ndipo matabibu wawili, Härting na Hesse, walipoonyesha kwamba ni uvimbe wa saratani katika mapafu. Kabla ya hapo watu walijua neno moja tu: maradhi ya mlima. Mji wa Ehrenfriedersdorf una kisa chake kisichosahauliwa. Mwaka 1568 wachimbaji waliokuwa wakifungua njia ya zamani walikuta maiti ya Oswald Barthel, mwenzao aliyefukiwa humo yapata miaka 60 kabla. Maji ya mgodi yalikuwa yameuhifadhi mwili usioze. Alizikwa kwa heshima na mahubiri, na watu wakakiita kisa hicho zamu ndefu. Waliokuwa vijana alipofukiwa walimwona tena wakiwa wazee, naye yu vile vile. Mzishi wa kawaida humpeleka mtu chini. Hawa walimtoa chini ili wamzike. Baada ya kusikia kisa kama hicho, sanduku la kioo la vibete saba halionekani tena kuwa pambo la hadithi.

Haya yote ni ya fedha na ya miji yenye majina. Seiffen kilikuwa kijiji cha bati. Jina lake, lililoandikwa mara ya kwanza mwaka 1324, latokana na neno la kuoshea mchanga ili kupata bati. Mchanga ulipokwisha watu walifuata mwamba. Mwamba huo ulikuwa mgumu, wakauvunja kwa moto: waliwasha magogo chini yake mpaka jiwe likapasuka kwa joto, kisha wakaliponda. Mashimo makubwa mawili yaliyoachwa na kazi hiyo yangali yakionekana kijijini. Bati halikutajirisha watu wengi. Katika karne ya 18 lilianza kupungua, vikaja vita vya miaka saba, 1756 hadi 1763, na baada yake njaa kali ya 1771 na 1772 iliyoua watu wengi katika milima yote. Hata hivyo watu hao walijenga kanisa dogo la pembe nane, likamalizika mwaka 1779, nalo limekuwa umbo la vichezeo visivyohesabika. Uchimbaji wa bati katika Seiffen ulikoma kabisa mwaka 1849.

Mgodi ukifungwa kitu gani hufa? Mtu wa mbali hujibu: mshahara. Lakini mchimbaji wa Saxony alikuwa na zaidi ya mshahara. Alikuwa na chama chake, vazi lake la gwaride, salamu yake ambayo wengine hawakusalimiana kwayo, mfuko wa kusaidia wajane, ibada kabla ya kushuka, na zamu ya mwisho kabla ya Krismasi ambayo kazi yake ilikatwa mapema, taa zikawekwa pamoja, na msimamizi akaongoza sala na chakula. Katika majira ya baridi alishuka kabla ya jua kutoka, akapanda limekwisha kuzama. Kwa hiyo nuru kwake ilikuwa na thamani ambayo mtu wa shambani hawezi kuikadiria. Hayo yote yalisimama juu ya mgodi. Ulipoondoka, yalibaki hewani.

Ufundi wa miti haukuanza siku mgodi ulipofungwa. Wachimbaji walikuwa wakikereza sahani, vifungo na vijiti vya kusokotea tangu karne ya 17, wakati wa baridi na wakati bati lilipokuwa haba. Kilichobadilika ni cheo: kilichokuwa kazi ya mkono wa kushoto kikawa kazi yote. Nao mabadiliko hayo waliyafanya kwa vifaa vilivyokuwapo. Gurudumu la maji lililokuwa likiinua michi ya kupondea mawe ya bati lilifungwa ukanda na kutiwa kuzungusha makerezo. Nyumba ni ile ile, mfereji ni ule ule, mlio wa maji ni ule ule. Kilichotoka mwishoni ndicho kilichokuwa kingine. Baba aliponda jiwe hapo, mwana akakereza farasi hapo hapo.

Namna walivyokereza farasi hao yafaa ielezwe kwa ukamilifu, kwa sababu haipatikani penginepo. Fundi wa pwani ya Afrika Mashariki aliyekereza miguu ya kitanda kwa kamba ya upinde alijua kwamba kerezo hutoa vitu vya mviringo: nguzo, bakuli, tufe. Mnyama si mviringo. Mafundi wa Seiffen, karibu na mwaka 1800, walipata njia ya kuzunguka shida hiyo. Walikata kipande cha gogo la mti wa jamii ya msonobari, kinene kama unene wa mnyama waliyemtaka kwa urefu, wakakiweka majini mpaka kikalainika. Kikizunguka, fundi alikichonga kwa patasi mbalimbali upande mmoja, kisha akakigeuza na kukichonga upande wa pili, mpaka kikawa kama pete kubwa yenye mabonde na vilima. Mtazamaji haoni mnyama yeyote. Fundi naye hamwoni, maana umbo limefichwa ndani ya unene wa pete. Alilijua kwa vidole na kwa kumbukumbu. Kisha pete ilipasuliwa kwa kisu na nyundo, kama mkate wa mviringo unavyokatwa, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa ng'ombe, au tembo, au kondoo, makumi kwa makumi kutoka pete moja. Vilibaki masikio, mkia na rangi, kazi iliyofanywa na wake na watoto.

Hapana haja ya kumtafuta kibete wa hadithi anayetoa uhai ndani ya mwamba kwa ujuzi wa siri. Huyu hapa. Mchimbaji alizoea kutafuta kitu kisichoonekana ndani ya kitu kigumu, akiongozwa na dalili na mazoea; alipoingia katika kazi ya mti aliingia na mazoea hayo. Haiwezi kuwa bahati tu kwamba ustadi huu wa kuchonga bila kuona ulizaliwa katika kijiji cha watu waliofanya kazi gizani.

Wanyama hao walikwenda mbali. Waliingizwa katika safina za Nuhu, zikasafirishwa Uingereza na Marekani, ambako nyumba nyingi za washika dini ziliwakataza watoto kucheza siku ya Jumapili isipokuwa kwa safina, kwa sababu imo katika Biblia. Mtoto wa London alipanga wawili wawili wanyama ambao waliowachonga hawakuwahi kumwona tembo wala simba.

Hapa mwanahistoria mwenye tabia ya kukata hesabu atasema neno lake, na lazima asikilizwe. Atasema kwamba maneno ya msiba ni anasa ya wasomi. Kwamba watu wa Seiffen walitengeneza vichezeo kwa sababu ya njaa. Ushahidi wake ni mzito. Vichezeo viliuzwa kwa hesabu ya sitini sitini, kwa bei iliyopangwa na mfanyabiashara wa kati, ambaye aghalabu ndiye aliyewauzia pia rangi na chakula. Jamaa nzima ilifanya kazi katika chumba kimoja, wakilala humo, wakipika humo, wakivuta vumbi na harufu ya gundi. Watoto walipaka rangi macho ya farasi mpaka usiku, wakiandaa michezo ya watoto wengine wasiowajua. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1903 juu ya kazi za watoto iligusa hata kazi za nyumbani, na hilo latosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Kumsifu fundi kama huyo kwa kujituliza moyo kwa ufundi wake, pasipo kutaja tumbo lake, ni kumdhulumu mara ya pili.

Yote hayo kweli. Lakini njaa hueleza kwa nini mtu alichonga. Haielezi kwa nini alichonga kitu hiki wala si kile. Soko la London lilitaka safina. Soko la Nuremberg lilitaka farasi, askari na magari. Hapana soko la mbali lililoagiza kitu cha kwanza kati ya viwili vitakavyotajwa sasa.

Nacho ni mgodi wa mgongoni. Katika karne ya 18 na ya 19 wachimbaji walioumia, au waliougua wasiweze tena kushuka, walijenga migodi midogo ndani ya masanduku ya mbao. Sanduku likifunguliwa, mtazamaji huona mlima uliokatwa katikati: juu miti na nyumba, chini yake ghorofa kwa ghorofa za njia, na katika kila njia watu wadogo wa mti. Mpini ukizungushwa, wote hufanya kazi. Huyu apiga nyundo, yule asukuma mkokoteni, huyu azungusha roda, yule apanda ngazi. Mwenye sanduku alilibeba mgongoni kwa kamba, akaenda nalo sokoni na kwenye sherehe, akawaonyesha watu kwa senti chache na kuwaeleza.

Msomaji na atafakari hali ya mtu huyo. Mlima ulimvunja mguu, au ulimla mapafu; ulimwondolea kazi, wenzake na cheo chake. Naye ajenga mlima. Aujenga kwa kipimo ambacho aweza kuubeba. Ndani yake hapana anayeugua na dari haianguki, na watu wake husimama pale tu mkono wake unapoacha mpini. Wale watu wadogo wa Agricola, walioonekana wakichimba na kumbe hawafanyi lolote, warudi hapa, lakini sasa wamlisha mwenye sanduku. Katika vichezeo vyote vya milima hiyo hiki ndicho kilicho karibu zaidi na huzuni yenyewe, na makumbusho yanayokionyesha miongoni mwa mashine za kufurahisha watu hayakukosea sana, ila yamekiweka chumba kisicho chake.

Cha pili ni mchimbaji wa dirishani. Katika karne ya 19, watu wa Seiffen na vijiji vya jirani walianza kukereza sanamu mbili za kushikia mishumaa: mchimbaji na malaika. Wakati wa Krismasi ziliwekwa dirishani, mchimbaji mmoja kwa kila mtoto wa kiume katika nyumba, malaika mmoja kwa kila mtoto wa kike, hata mpita njia akajua hesabu ya watoto kwa kuhesabu nuru. Mafundi waliishi kwa kuuza, na sanamu hizi nazo ziliuzwa. Walakini desturi yenyewe ilikuwa ya nyumbani, nayo ilishikwa hata na wasio na cha ziada. Mahali penye mshumaa ulio ghali, kuwasha mitano au sita ili kuonyesha nje si hesabu ya mfanyabiashara.

Na mchimbaji huyo amevaa nini? Hakuvaa nguo za kazi. Amevaa vazi la gwaride: koti jeusi, suruali nyeupe, kofia ndefu isiyo na ukingo, ngozi nyuma. Ndivyo wachimbaji walivyovaa siku ya maandamano, siku ya mkubwa, siku ya heshima. Mafundi walijua vema jinsi mchimbaji alivyotoka shimoni. Baba zao walikuwa wakirudi hivyo kila siku. Hawakumchonga hivyo. Mtu humvika marehemu wake nguo iliyo njema, na katika jambo hilo watu wa Erzgebirge hawakuhitilafiana na watu wa nchi nyingine yoyote.

Tena ni jambo la kuangaliwa kwamba mtoto wa kiume katika Seiffen baada ya 1849 hakuwa na mgodi wa bati wa kushuka. Angekuwa mkerezaji, au mpaka rangi, au angehama. Bado dirishani aliwakilishwa na mchimbaji. Kwa maneno mengine, wazazi walimpa jina la babu yake kwa njia ya mti. Desturi ya kumpa mtoto jina la aliyetangulia yajulikana pwani na bara ya Afrika Mashariki pia, na wanaoifuata hawahitaji kuelezwa kwamba haikukusudiwa kumsahau marehemu wala kumlilia bila kikomo.

Vitu vingine vya milima hiyo vimesifiwa kupita hivyo viwili, na vitatajwa kwa ufupi. Mfalme wa mti mwenye taya za kuvunjia njugu, ambaye Wilhelm Friedrich Füchtner wa Seiffen alimpa sura yake ya sasa karibu na mwaka 1870, ni mzaha wa watu wanyonge: wafalme na maaskari wamesimama mezani kuwavunjia watu wa chini njugu ngumu. Tao la mishumaa, ambalo la kale lenye tarehe ni la Johanngeorgenstadt la mwaka 1740, lilianza likiwa la chuma, kazi ya wahunzi wa migodi. Wenyeji husema tao hilo ni mlango wa mgodi, ambapo wachimbaji walitundika taa zao katika zamu ya mwisho kabla ya Krismasi. Wanazuoni hawajakubaliana juu ya asili hiyo, na wengine huliona kuwa anga lenye nyota. Lakini kwamba watu wenyewe walichagua kuliona kuwa mlango wa mgodi ni ushahidi tosha wa mahali mioyo yao ilipokuwa.

Mji huo wa Johanngeorgenstadt ulipatwa na jambo ambalo Seiffen iliepushwa nalo. Katika mawe ya mgodi wake ndimo Klaproth alimoitambua urani mwaka 1789, wakati ambapo haikuwa na matumizi makubwa. Baada ya vita kuu ya pili matumizi yalipatikana. Kuanzia mwaka 1946 utawala wa Kisovieti uliifungua migodi ya zamani upya kutafuta urani ya mabomu, na watu kwa maelfu wakapelekwa chini, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Sehemu kubwa ya mji wa kale ilibomolewa katika miaka ya 1950 kwa sababu ya uchimbaji uliokuwa chini yake. Maradhi ya Schneeberg yakarudi, safari hii yakijulikana kwa jina lake la kitabibu, na maelfu ya wachimbaji wa urani wakathibitishwa kuwa wameugua saratani ya mapafu kwa ajili ya kazi yao. Hivyo huzuni iliyokuwa imegeuka kuwa desturi ya dirishani ikapata watu wapya wa kuiwashia mishumaa. Uchimbaji huo ulikomeshwa mwaka 1990, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Wakati huo Seiffen ilikuwa na jumba lake la makumbusho ya vichezeo, lililofunguliwa mwaka 1953, na vichezeo vyake vilikuwa vikiuzwa nchi za nje ili kuipatia serikali ya Ujerumani Mashariki fedha za kigeni, hata wenyeji wakaviona kwa shida madukani mwao.

Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliitia nchi ya migodi ya Erzgebirge, upande wa Ujerumani na wa Ucheki pamoja, katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Seiffen wangali wakikereza. Pete za wanyama zingali zikipasuliwa, ingawa mafundi wanaoiweza kazi hiyo wamebaki wachache; na mchimbaji wa dirishani angali akivaa koti lile lile jeusi na suruali ile ile nyeupe. Mikono yake yote miwili imeshika mishumaa. Hapana mkono uliobaki wa kushikia nyundo.